Heshima ya Gari

Utamaduni wa taifa unapotajwa, aghalabu fikra za watu hukimbilia ngoma, mashairi, mavazi, vyakula na mila za jando na unyago. Hapana ubaya katika hilo, maana hayo ndiyo tuliyoachiwa na wazee wetu, nayo yanastahili kuhifadhiwa. Lakini utamaduni wa watu haukomi katika yale waliyorithi. Huingia pia katika yale waliyoyapokea kutoka nje wakayatia mkono wao. Gari ni mojawapo ya mambo hayo. Halikubuniwa hapa, wala chuma chake hakikuyeyushwa hapa. Hata hivyo, namna tunavyoliita, tunavyolitengeneza, tunavyolipanda na tunavyogombana juu yake ni yetu wenyewe. Ndiyo maana nathubutu kuandika habari za magari katika kitabu cha utamaduni, nami namwomba msomaji anivumilie, kwa kuwa mpenzi wa kitu hazungumzi kwa kipimo.

Mimi ni mpenzi wa magari. Naishi Endasak, katika Wilaya ya Hanang, kando ya barabara itokayo Babati kwenda Katesh na Singida, mahali ambapo Mlima Hanang huonekana asubuhi kabla ya kuvaa mawingu yake. Si dereva wa kazi, wala si fundi mwenye cheti. Nina Land Rover moja kuukuu, ambalo umri wake unapita umri wa watoto wangu wote, na katika kuishi nalo nimejifunza neno moja ninalotaka kulieleza hapa: kwamba gari hupata heshima kwa mambo mawili tu, yaani mkono unaolitunza na watu linaowabeba. Bei yake, rangi yake na jina la kiwanda chake huja nyuma ya hayo.

Tuanze na lugha, maana lugha haifichi siri za wenyewe. Neno gari lilitufikia kutoka Bara Hindi. Dereva, breki, klachi, tairi na injini yametoka katika Kiingereza. Lakini tazama neno usukani. Kabla ya gari lolote kukanyaga ardhi yetu, usukani ulikuwa wa jahazi, nao ulikaa tezini mkononi mwa baharia. Chombo, abiria, shehena, kupakia na kupakua, yote hayo yalitumika pwani kwa vyombo vya baharini, na gari lilipokuja Waswahili hawakuona haja ya kuhangaika. Walilipokea kama chombo kingine kilichofika bandarini. Hivyo mtu wa Endasak ambaye hajapata kuiona bahari hushika usukani kila siku na kupakia shehena ya mahindi na mbaazi. Hata methali zimehama pamoja na maneno. Wahenga waliposema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani, na kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama, walikuwa wakifikiri habari za majahazi. Lakini aliyepata kusafiri katika basi ambamo kila abiria anamwelekeza dereva njia ya kukwepa tope atakiri kwamba methali ya pili ilitungwa kwa ajili yake.

Lugha hiyohiyo imetumika kuwahukumu wenye magari. Katika miaka ya 1960, nchi zetu zilipokuwa changa katika uhuru, watu waliwatazama baadhi ya wakubwa waliojipatia magari ya Mercedes-Benz, wakawaita Wabenzi. Neno hili ni la kejeli kali kuliko linavyoonekana. Walichukua kiambishi kile kile kinachotupa Wairaqw, Wagogo na Wazaramo, wakaunda kabila jipya lisilo na nchi, lisilo na ngoma, lisilo na mila yoyote ila gari. Baadaye magari makubwa ya maofisa yaliitwa mashangingi, kwa neno lililokuwa likimtaja mwanamke mwenye makeke. Gari lililochoka tunaliita mkweche. Na huko Dar es Salaam, magari ya watu binafsi yaliporuhusiwa mwaka 1983 kubeba abiria pamoja na mabasi ya UDA, yaliitwa daladala, kwa kuwa nauli ilikuwa shilingi tano, fedha ambayo watu waliiita dala. Hakuna kamati iliyokaa kuyachagua majina hayo. Yalitoka vituoni na sokoni, na katika kila jina umo upande ambao msemaji amesimama.

Naulizwa mara nyingi ni gari lipi lililo bora, na jibu langu haliwapendezi wauzaji. Nalipenda Land Rover kwa sababu halifichi kitu. La kwanza lilionyeshwa Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1948, na bodi yake ilifanywa kwa alumini kwa kuwa chuma cha bati kilikuwa adimu baada ya vita. Lilizaliwa katika uhaba, nalo likafaa sana katika nchi zenye uhaba. Kila boliti yake huonekana, na mtu mwenye spana tatu na subira anaweza kulifikia. Katika miaka ya 1950, TANU ilipokuwa ikieneza ujumbe wa uhuru, gari la namna hii lilimbeba Mwalimu Nyerere katika safari zake. Nazipenda pia Peugeot 404 na 504, ambazo springi zake zilikuwa laini hata zikapita juu ya makorongo kama mtumbwi juu ya mawimbi. Toyota naiheshimu kwa uvumilivu wake, maana injini yake humsamehe mtu mengi. Kuhusu magari mapya, nakubali kwamba breki zake ni salama zaidi na hayanywi mafuta kama langu. Lakini gari ambalo haliwezi kutibiwa mpaka litafutiwe kompyuta humfanya fundi wa kijijini asimame kando kama mgeni, na jambo hilo linanisikitisha.

Anayedhani kwamba maoni hayo ni ya mtu aliyeshindwa kununua gari jipya na atazame mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Yalianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na hapo mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na tope la masika. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na tena yakafika 7 tu. Viwanda vikubwa vya Ulaya vilileta magari yao na mafundi wao, na barabara zetu ziliyarudisha mengi yakiwa yamekokotwa. Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na 1967, kwa Peugeot 404. Lakini habari ninayoipenda kuliko zote ni ya Joginder Singh wa Kenya, ambaye kwa kazi yake alikuwa fundi wa magari. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant waliingia mashindanoni kwa Volvo lililokwisha kutumika katika Safari ya mwaka uliotangulia. Walilinunua likiwa kuukuu, wakalitengeneza kwa mikono yao, wakawashinda wote. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mtu aliyelifungua gari lake mpaka mfupa wa mwisho hujua ni wapi litalalamika kabla halijalalamika.

Maneno hayo yananifikisha kwa mafundi wetu. Katika vijiji vyetu gereji ni kivuli cha mti, jeki moja, magogo ya kutegemeza na ardhi iliyokuwa nyeusi kwa mafuta. Fundi huweka ncha ya bisibisi juu ya injini na mpini wake sikioni, akasikiliza kama mganga anayesikiliza kifua cha mtoto. Tangi likitoboka safarini, huziba tundu kwa kipande cha sabuni mpaka mjini. Mpira wa springi ukiliwa, hukata mwingine kutoka katika tairi bovu. Siku moja nilimpelekea fundi kijana Land Rover langu, nikamweleza dalili zake kwa urefu. Alilizunguka mara mbili, akaniambia, "Shikamoo mzee. Gari hili halina ugonjwa, lina kiu tu." Akalikaza bomba la maji lililokuwa likivuja tone kwa tone, na kazi ikaisha. Kijana yule hakufika mbali katika shule, lakini ana elimu. Ni elimu ya kuuliza kitu kisichosema na kungoja jibu lake.

Nasikitika kwamba elimu hiyo bado twaiweka mlangoni kwa nje. Mwanafunzi akishindwa mtihani huambiwa, "Basi nenda gereji," kana kwamba gereji ni shimo la kutupia watu. Nchi hii imekuwa na shule za ufundi za Ifunda, Moshi na Tanga, na tangu mwaka 1994 imekuwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Huko Kibaha malori ya Scania yaliwahi kuunganishwa, na katika miaka ya 1980 jeshi letu liliunda gari likaliita Nyumbu, kwa jina la mnyama anayezivuka mbuga zetu kwa miguu yake bila kuchoka. Gari hilo halikujaza barabara za nchi. Hata hivyo, kulibuni kulitaka watu waliojua kwamba chuma ni kitu kinachoweza kueleweka na Mtanzania, na watu wa namna hiyo hawapatikani ikiwa kila kijana mwenye mafuta mikononi anafundishwa kuona haya.

Tena tazama jinsi gari linavyokufa kwetu. Halitupwi. Springi zake huenda kwa mhunzi zikawa mapanga na visu. Matairi hukatwa yakawa katambuga za wachungaji na kamba za kufungia mizigo. Na rimu yake, ewe mwalimu, waijua kuliko mimi: ndiyo ile iliyotundikwa mtini katika shule nyingi, ikigongwa kwa chuma asubuhi kuwaita watoto. Maelfu ya Watanzania wamesoma kwa sauti ya gurudumu lililokwisha safari zake.

Sasa nije kwenye jambo la pili, yaani watu linaowabeba. Kijijini, mwenye gari hana usingizi wa peke yake. Usiku ukibishwa hodi, hujui kama ni mama mjamzito, mtoto aliyeumwa na nyoka, au mzee ambaye pumzi inamkatikia. Huulizi nauli; hutafuta ufunguo. Katika miaka yangu ya kuwa na gari, wamezaliwa watoto wawili kabla hatujafika hospitali, na mmoja wao leo hunipita njiani akiwa amevaa sare ya shule, akaniamkia bila kujua kwamba nyumba yake ya kwanza ilikuwa kiti cha nyuma. Sheria inasema gari ni mali yangu, na kadi ina jina langu. Lakini kijiji kina sehemu yake ndani ya gari hilo, nami nakiri kwamba sehemu hiyo ndiyo iliyonifanya niangalie maji na mafuta kila jioni. Breki zikiachwa bila kukaguliwa, si mimi peke yangu nitakayeumia.

Kuna adabu nyingine zilizoota barabarani bila kuandikwa na mtu. Gari likikwama topeni, apitaye hushuka na kusukuma, hata kama hamfahamu mwenyewe. Gari likiharibika, dereva hukata matawi na kuyatandaza barabarani mbele na nyuma, ili ajaye apunguze mwendo. Pembetatu nyekundu ni agizo la sheria, nayo ni nzuri. Matawi ni lugha ambayo hata mchungaji asiyejua kusoma huifahamu. Kwa hiyo hunikera sana dereva ambaye, akiisha kupona, huwasha injini akaondoka na kuyaacha matawi na mawe pale pale yamngoje mwingine usiku. Huyo ametumia lugha ya wenzake kisha akawadanganya kwayo. Hunikera vilevile gari lenye vioo vyeusi, kwa sababu halisalimii. Kwetu, mtu apitaye bila kusalimu hutiliwa shaka. Sasa tufanyeje na chombo kinachopita kimefunga uso wake?

Kulikuwa na wakati ambapo taifa zima lilikumbushwa kwamba gari la mtu si jambo lake peke yake. Bei ya mafuta ilipopanda duniani kuanzia mwaka 1973, na fedha za kigeni zikawa haba, ilifika hatua magari yakakatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana ila kwa kibali. Wenye magari walinung'unika. Lakini mafuta yale yaliagizwa kwa fedha za pamba na kahawa, na aliyepalilia kahawa hiyo aghalabu alikuwa akitembea kwa miguu.

Kwa upande mwingine, mashine inaweza kuwa nzuri kabisa na bado ikakosa heshima. Mfano wake uko magharibi ya mlima wetu, katika tambarare za Basotu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, yalianzishwa huko mashamba makubwa ya ngano, ambayo yalifika saba chini ya shirika la NAFCO, yakameza ekari kama 100,000. Matrekta yake na mashine zake za kuvunia zilikuwa za kumfanya mpenzi wa injini asahau njaa. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na majembe yale yalipita hata juu ya makaburi ya wazee wao, ambayo kwao ni mahali patakatifu. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani katika miaka ya 1980; Mahakama Kuu ikawapa haki, kisha Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo kwa sehemu kubwa. Ngano ilipatikana, na taifa lilikula mkate wake. Hata hivyo, dereva wa trekta aliyeketi juu kabisa hakuweza kuona kaburi lililo chini ya gurudumu lake, na waliomtuma hawakumwuliza mwenye kaburi. Ubora wa injini haukuweza kulifuta kosa hilo.

Tena tumeziona mashine zikipata heshima mbele ya macho yetu. Tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa iliumomonyoa Mlima Hanang. Tope, mawe na magogo yakateremka juu ya Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Barabara zilizibwa. Yakaja malori ya jeshi na mitambo ya kuchimbua, ikafukua njia na nyumba pamoja na watu waliokuwa wakifukua kwa majembe na mikono. Siku zile hakuna aliyeuliza lori limetoka kiwanda gani. Lililofika lilibarikiwa.

Lami nayo imetuletea mtihani wake. Kabla barabara hii ya Babati na Singida haijawekwa lami, kazi iliyokamilika mwanzoni mwa muongo wa 2010, makorongo ndiyo yaliyokuwa askari wa usalama barabarani. Aliyetaka kukimbia alivunja springi, akajifunza. Leo mtu hufika Babati kabla chai yake haijapoa, na mazao hayaozi njiani kama zamani. Hiyo ni neema. Lakini mwendo umewafikia vijana wetu kabla ya adabu ya mwendo. Bodaboda, ambazo jina lake lilianza kwa baiskeli za mpakani Busia, zimekuwa ajira ya vijana wengi na miguu ya wazee wasio na gari. Nawaheshimu vijana hao. Nasema tu kwamba kijana anayebeba watu watatu na gunia, bila kofia ngumu, bila breki ya nyuma, amepewa chombo bila kupewa ubaharia. Nimepata kuona basi lililoandikwa mgongoni kwa herufi kubwa, "Haraka haraka haina baraka," likilipita lori mlimani kwenye kona. Methali ilikuwa nyuma, dereva alikuwa mbele, nao hawakuonana.

Walimu wenzangu katika kupenda elimu, nawaombeni msiliache gari nje ya darasa. Wapelekeni wanafunzi chini ya mti wa fundi, wakaandike maneno anayoyatumia na kuuliza yametoka wapi. Waulizeni kengele ya shule yao ilikuwa gurudumu la gari gani, na lilimbeba nani. Fizikia yote ya wenzo, joto na msuguano imelala pale chini juu ya gunia, na historia ya nchi imekaa pembeni yake.

Nawe mwanafunzi, huenda siku moja ukapata gari lako. Liwe jipya au mkweche, likague maji na mafuta kabla ya kuondoka. Teremsha kioo uwasalimu watu wa kijiji unachokipita. Ukibishwa hodi usiku, ondoka. Na likiharibika njiani ukatandaza matawi, usiwashe injini kwenda zako kabla hujayaokota yote.